Hadithi na Ushahidi: Uhakiki wa Asili za Misimu ya Kiingereza

Kazi ya istilahi ina mitihani mingi, na mmojawapo ni misimu. Kwa neno misimu nakusudia yale maneno na mafungu ya maneno yazukayo mitaani, sokoni, kambini na gerezani, yakatumiwa kwanza na watu wa kundi moja. Mengine hufa kabla ya kukomaa, na mengine huenea mpaka yakawa mali ya watumiaji wote wa lugha. Maneno ya namna hii hayaonekani katika orodha za istilahi za fizikia au za sheria. Lakini kila mfasiri wa riwaya, wa tamthilia au wa filamu za Kiingereza hukutana nayo, na akishindwa huyaleta kwetu. Hapo mkuza istilahi hutakiwa ajibu maswali mawili: neno hili lina maana gani, na limetoka wapi? Swali la kwanza hujibiwa kwa taabu. La pili, kwa bahati mbaya, hujibiwa kwa wepesi mno.

Sina budi kuanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa ningali mgeni katika kazi hii nililetewa mswada wa tafsiri ya tamthilia ya Kiingereza ihusuyo maisha ya askari. Mahali pamoja sajini anamkaripia kuruta kwa maneno "use your loaf", na mfasiri alikuwa ameandika: "Tumia mkate wako." Nilicheka, nikasahihisha kuwa "Tumia kichwa chako", nikajiona mjuzi. Kurasa chache mbele palikuwa na neno "posh", lenye maana ya kitu cha kifahari au cha watu wa tabaka la juu. Pambizoni niliandika, kwa wino na kwa kujiamini, kwamba neno hilo limetokana na herufi nne zilizokuwa zikipigwa katika tiketi za abiria matajiri waliosafiri kwa meli baina ya Uingereza na Bara Hindi. Wakati wa kwenda vyumba vyao vilikuwa upande wa kushoto wa meli, na wakati wa kurudi upande wa kulia, ili wasiteswe na jua la Bahari ya Shamu. Na herufi hizo ndizo za mwanzo za maneno ya Kiingereza yaelezayo mpango huo. Mswada uliporudi kutoka kwa mzee aliyekuwa akinisimamia, chini ya maelezo yangu palikuwa na swali moja tu: "Tiketi hiyo ameiona nani?"

Sikuwa na jibu. Nilipolitafuta nikatambua kwamba hakuna aliye nalo. Makala haya yamezaliwa na swali hilo. Nia yake si kuwacheka Waingereza na Wamarekani kwa hadithi zao, kwa maana hadithi za aina hii zimo katika kila lugha, na yetu haikusalimika. Nia ni kuzihakiki, kwa sababu zinaingia katika vitabu, katika madarasa na katika maelezo ya wafasiri wetu zikiwa zimevaa joho la elimu. Hoja yangu ni moja: asili ya neno ni jambo la historia, na historia huthibitishwa kwa ushahidi wenye tarehe. Utamu wa hadithi si ushahidi.

Herufi zilizogeuzwa maneno

Tuanze na hiyo "posh". Haijapata kuonekana tiketi yenye herufi hizo, wala hati za kampuni ya meli zitajazo mpango wa kuzipiga. Hadithi yenyewe ilianza kuchapishwa katika miaka ya 1930, hali neno lilikuwa limekwisha kutumika siku nyingi. Kamusi moja ya misimu iliyotolewa mwaka 1890 tayari inalo kwa maana ya mtu mtanashati. Kabla ya hapo wahuni wa London walilitumia kwa maana ya sarafu ya thamani ndogo, nao walilipata katika Kiromani, lugha ya watu waliokuwa wakihamahama katika Ulaya na ambao asili yao ni Bara Hindi. Katika lugha hiyo "posh" ni nusu. Kama maana hizo za zamani ndizo zilizozaa maana ya leo, wataalamu bado wanajadiliana. Lakini meli haimo katika mjadala wao.

Mfano wa pili ni "cop", yaani polisi. Utasikia likielezwa kuwa ni kifupisho cha maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya "konstebo aliye doriani". Wengine husema limetokana na vifungo vya shaba vya sare ya polisi wa zamani. Ukweli ni mwepesi zaidi. Kitenzi "cop", chenye maana ya kukamata, kimeandikwa tangu mwanzoni mwa karne ya 18, zaidi ya miaka mia moja kabla ya kuundwa kwa jeshi la polisi la London mwaka 1829. Aliyekamata akaitwa "copper", neno ambalo limepatikana katika maandishi ya mwaka 1846, na baadaye likakatwa mkia likabaki "cop". Sisi wenye kuunda "msomaji" kutokana na "soma" hatuna sababu ya kulistaajabia jambo hilo: kitenzi kimetangulia, mtenda akafuata. Vifungo na konstebo vimebuniwa na watu waliokwisha kukisahau kitenzi.

Kwa nini hadithi za herufi hutuvutia hivi? Naona sababu ni kwamba tunaishi katika zama za vifupisho. Tangu mwaka 1954 Watanganyika walisema TANU kama kwamba ni neno walilonyonya kwa mama. Leo tunasema UKIMWI, tunasema TAZARA, na mtoto wa shule huyatumia maneno hayo bila ya kuwaza kwamba yameshonwa kwa vipande. Mtu aliyelelewa katika zama hizi huona ni jambo la kawaida watu wa kale nao kuwa walishona maneno yao hivyo hivyo. Lakini desturi hiyo ilikuwa adimu mno katika Kiingereza kabla ya karne ya 20. Hata neno "acronym", ambalo ndilo jina la Kiingereza la vifupisho vinavyosomwa kama neno moja, liliingia katika lugha hiyo katika miaka ya 1940 tu. Kwa hiyo msomaji akielezwa kwamba neno la Kiingereza la karne ya 17 au ya 18 limetokana na herufi za mwanzo za maneno fulani, na aanze kwa kutia shaka.

Kipimo cha tarehe

Na aanze kwa shaka, nasema, wala asimalizie hapo. Maana upo msimu mmoja mashuhuri ambao kweli umetokana na herufi, nao ni "OK". Hakuna bandari wala kituo cha mabasi ambapo neno hili halifahamiki, na pengine kwa sababu hiyo limezushiwa asili nyingi kuliko neno jingine lolote. Wapo wasemao kwamba ni herufi za jina la karani wa reli aliyekuwa akitia sahihi mizigo; wapo wasemao ni herufi za mtengenezaji wa biskuti za askari; wengine hulipeleka Haiti, kwenye bandari iliyosifika kwa pombe yake. Rais Woodrow Wilson wa Marekani aliamini kwamba limetokana na lugha ya Wachoctaw, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, na akawa analiandika "okeh" ili kuifuata imani yake. Wengine walionyesha hata hati: kumbukumbu ya mahakama ya Tennessee ya mwaka 1790, iliyohusu Andrew Jackson, na ambayo ilisemekana kuwa na herufi O na K. Hati ilipotazamwa tena kwa makini ikaonekana kwamba herufi ya pili ni R iliyoandikwa vibaya, nayo ni kifupisho cha kawaida cha karani kuonyesha kwamba amri imeandikishwa.

Aliyeikata kesi hii ni mtaalamu wa Kimarekani, Allen Walker Read. Katika mwaka 1941 alionyesha kwamba neno lilipata nguvu katika uchaguzi wa mwaka 1840, pale wafuasi wa Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa kijiji cha Kinderhook katika jimbo la New York, walipounda vyama vilivyoitwa O.K. kutokana na jina lake la utani, "Old Kinderhook". Mwanachuoni mwingine angaliridhika hapo. Read aliendelea kufunua magazeti, na katika makala alizozitoa mwaka 1963 na 1964 akalirudisha neno nyuma mpaka gazeti la Boston Morning Post la tarehe 23 Machi, 1839. Wakati huo waandishi wa magazeti ya Boston walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno, tena kwa kuyaendeleza makosa kwa makusudi; "all correct", yaani "yote sahihi", wakayafanya yaanze kwa O na K, ilhali hakuna hata moja kati ya maneno hayo lianzalo kwa herufi hizo. Dhihaka nyingine za mchezo huo zilikufa. Hii iliokolewa na kampeni za uchaguzi. Van Buren akashindwa, neno likashinda.

Thamani ya kazi ya Read haimo katika jibu tu, bali imo katika njia. Hakuuliza hadithi gani inapendeza. Aliuliza neno limeonekana wapi kwanza, siku gani, na kwa maana gani. Alipopata ushahidi wa zamani zaidi alilisahihisha jibu lake mwenyewe, wala hakuona haya.

Kwa kipimo hicho hicho yatupasa tuzipime hata kamusi tunazoziheshimu. Kamusi ya misimu ya Eric Partridge, mzaliwa wa New Zealand, ilitoka mwaka 1937, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa kimbilio la wafasiri. Ni kazi ya mtu mmoja mwenye bidii isiyo kifani, na kila afanyaye kazi hii ana deni kwake. Lakini msomaji mwangalifu atakuta mara kwa mara kwamba tarehe aliyoitoa ni ya kukadiria, haina gazeti, haina barua, haina kitabu cha kuishika. Na mahali ambapo ushahidi umekosekana, fikra yake yenye rutuba imejaza pengo. Aliyemtangulia, Francis Grose, ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1785, alizunguka usiku katika vilabu vya London akayasikia maneno kwa masikio yake. Na Jonathon Green, ambaye kamusi yake ya juzuu 3 ilitoka mwaka 2010, ameziweka maana zake juu ya madondoo yenye tarehe. Partridge asomwe, tena kwa shukrani. Ila anapokadiria, nasi tuseme kwamba amekadiria.

Hadithi inayotupendeza

Sasa nafika mahali pagumu kwangu kama Mwafrika. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, David Dalby, mtaalamu wa lugha za Afrika Magharibi, alitoa rai kwamba "OK" limetokana na usemi wa Kiwolofu wa kukubali kwa mkazo, utamkwao karibu na "waw kay", na kwamba ulivukishwa bahari na watu waliochukuliwa utumwani. Vivyo hivyo aliyahusisha na Kiwolofu maneno kadhaa ya misimu ya Wamarekani weusi, kama vile "hip", ambalo maana yake ni kuwa mwerevu wa mambo mapya, na "dig", kwa maana ya kuelewa.

Nani kati yetu asiyependa iwe kweli? Neno litamkwalo duniani kote, tuambiwe kwamba limetoka katika kinywa cha Mwafrika aliyefungwa minyororo! Nilipoisoma rai hiyo kwa mara ya kwanza nilitaka kuinakili siku ile ile. Lakini swali la yule mzee halina taifa. Kati ya usemi wa Kiwolofu na gazeti la Boston hakuna hati iliyokubaliwa na wataalamu inayounganisha ncha hizo mbili, na kufanana kwa sauti peke yake hakutoshi, kwa kuwa lugha za dunia ni nyingi na silabi fupi hufanana kwa urahisi. Tukiikataa hadithi ya karani wa reli kwa kukosa ushahidi, kisha tukaikubali ya Kiwolofu kwa kuwa inatutukuza, tutakuwa si wahakiki bali washabiki.

Zaidi ya hayo, Afrika haihitaji sifa ya kukopa. Mwanachuoni Mmarekani mweusi, Lorenzo Dow Turner, alikwenda katika visiwa na pwani za South Carolina na Georgia kuanzia miaka ya 1930, akakaa na Wagullah, akarekodi sauti zao, akajifunza habari za lugha za Afrika ili aweze kulinganisha. Kabla yake wataalamu walisema kwamba usemi wa Wagullah ni Kiingereza kibovu tu. Kitabu chake cha mwaka 1949 kilibomoa kauli hiyo kwa maelfu ya majina na maneno, kila moja likiwa na mtu aliyelitamka. Kwa kazi za namna hiyo tunajua kwamba "goober", jina la mitaani la karanga huko kusini mwa Marekani, ni "nguba" ya Kikongo na Kimbundu. Tunajua kwamba "juke", lililomo katika jina la sanduku la kupigia muziki, limetoka katika Kigullah, ambamo maana yake ni jambo la fujo, na kwamba mizizi yake imo Afrika Magharibi. Maneno haya ni machache kuliko tungependa, lakini ni yetu kwa haki, na hakuna awezaye kutunyang'anya.

Asili si maana

Hata hivyo, tuseme kwamba asili imethibitishwa kabisa. Je, mfasiri amekwisha kupata maana? La. Hapa pana kosa la pili, nalo huwapata hata wasomi: kudhani kwamba mwenye kujua neno limetoka wapi amejua linamaanisha nini.

Chukua "bloody". Kwa sura yake ni "-a damu". Hadithi ipendwayo husema kwamba ni mkato wa kiapo kwa Bibi Mariamu, lakini wanaisimu wengi hawaikubali. Lililo hakika ni kwamba tangu karne ya 17 Waingereza wamelitumia kutilia mkazo, na kwamba uzito wake umebadilika kwa mahali na kwa wakati. Tarehe 11 Aprili, 1914, tamthilia ya George Bernard Shaw iitwayo Pygmalion ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza London, neno hilo lilitamkwa jukwaani na muuza maua Eliza, na magazeti yakalifanya habari kubwa. Leo mtu hulitumia akisifu chakula. Mfasiri atakayeandika "-a damu" amepotea, na atakayemtaja Bibi Mariamu amepotea zaidi. Anachotakiwa kujua ni nani anasema, mbele ya nani, mwaka gani. Kisha atafute Kiswahili chenye uzito huo huo. Pengine patafaa "mpumbavu we!", na pengine "tamu ajabu" tu.

Au chukua "Bob's your uncle", usemi utumikao mwishoni mwa maelekezo kwa maana ya "basi, kazi imekwisha". Husimuliwa kwamba ulizaliwa mwaka 1887, pale Waziri Mkuu Robert, Lord Salisbury, alipompa Arthur Balfour wadhifa mkubwa wa kusimamia mambo ya Ireland. Kiingereza husema alikuwa "uncle" wake. Kiswahili, kwa ubora wake, hutulazimisha tuulize zaidi, na jibu ni kwamba alikuwa mjomba, kwa kuwa mama yake Balfour alikuwa dada yake Salisbury. Kwa msomaji ajuaye maana ya undugunaizesheni, hadithi hii inaingia moyoni mara moja. Lakini usemi wenyewe umeonekana katika maandishi kuanzia mwaka 1924, ukiwa jina la onyesho la jukwaani. Kati ya uteuzi na usemi pana miaka 37 ya ukimya. Je, wapinzani wa Balfour, waliokuwa na magazeti na ndimi kali, wangeuacha mkuki mzuri hivyo ukae bila kurushwa? Na hata ingekuwa kweli, asemaye leo hamkusudii mjomba wa mtu yeyote.

Lakini isidhaniwe kwamba asili haina kazi kamwe. Turudi kwa yule sajini na mkate wake. Katika karne ya 19 wachuuzi na wapiga debe wa mitaa ya London walikuwa na desturi ya kulificha neno kwa kulibadili na fungu la maneno yenye kina sawa nalo. Kichwa, "head", kikaitwa "loaf of bread", yaani boflo la mkate. Kisha lile neno la mwisho lenye kina likaachwa, likabaki "loaf" peke yake, na asiye mwenzao akapotea njia. Kamusi ya John Camden Hotten ya mwaka 1859 iliiandika desturi hiyo ilipokuwa ingali changa. Imeandika pia ile ya kutamka neno kwa kulirudisha nyuma, ambayo ndiyo iliyowapa Waingereza neno "yob", kijana mhuni, kutokana na "boy". Msomaji wa pwani hatahitaji maelezo marefu: huyu ni ndugu wa kinyume chetu, ambacho kwacho watoto huyafanya maji kuwa "jima" ili wakubwa wasielewe. Mfasiri ajuaye desturi hizi haandiki "tumia mkate wako". Asili hapa imemsaidia, kwa sababu imethibitishwa, na kwa sababu imemwonyesha namna neno lilivyofanya kazi.

Mfano wa Ulaya

Nisije nikadhaniwa kuwa mbomoaji tu, nataka nitoe mfano mmoja wa asili iliyosimama imara, nao unatuhusu kwa karibu. Katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918, askari wa Kiingereza walioteseka katika mahandaki ya Ufaransa waliita kwao "Blighty". Jeraha lisiloua, lakini lenye kutosha kumrudisha askari nyumbani, nalo waliliita kwa jina hilo hilo, na wako waliolitamani.

Neno hili lina ukoo unaofuatika hatua kwa hatua. Waarabu wana "wilaya", yaani utawala au nchi iliyo chini ya mtawala. Kwa njia ya Kiajemi likaingia katika Kiurdu na Kihindi kuwa "vilayat", na hatimaye likamaanisha nchi ya ng'ambo, hasa Uingereza. Kitu cha huko kikaitwa "vilayati", au katika vinywa vya wengine "bilayati". Askari wa Kiingereza waliokaa Bara Hindi wakalichukua kwa kadiri ndimi zao zilivyoweza. Kamusi ya Henry Yule na A. C. Burnell ya mwaka 1886 inalionyesha likiwa njiani: imeandika kwamba Wahindi waliita soda "maji ya bilayati", na nyanya "biringani ya bilayati". Jina la kamusi hiyo, Hobson-Jobson, ni ushahidi mwingine wa masikio ya askari hao, maana ndivyo walivyousikia mlio wa "Ya Hasan! Ya Husain!" katika maombolezo ya Muharram.

Nasi je? Kutoka katika Kiarabu hicho hicho tumepata maneno mawili: wilaya, sehemu ya mkoa, na Ulaya, bara la Wazungu. Kama Mhindi alivyosema biringani ya bilayati, ndivyo tusemavyo viazi ulaya. Askari aliyelilia Blighty katika tope la Ufaransa na mkulima achimbaye viazi ulaya wanatamka neno moja. Hadithi hii ni nzuri kuliko ya tiketi, ya biskuti na ya mjomba; na uzuri wake ni kwamba kila hatua ina shahidi.

Funzo kwetu

Kutokana na mifano hii napendekeza kwamba kila asili ya neno iletwayo mbele yetu iulizwe mambo manne. Kwanza, tarehe: neno limeonekana wapi mara ya kwanza, na je, hadithi imelitangulia neno au imelifuata? Pili, njia: ni watu gani waliolichukua, wakalipitisha wapi? Tatu, sauti: je, mabadiliko ya matamshi yanaendana na kawaida za lugha husika? Nne, matumizi: maana ya kwanza imefikaje kwenye ya sasa? Hadithi isiyojibu isichapwe kama ukweli. Iandikwe, ikibidi, kwamba "husimuliwa".

Na kabla hatujawanyoshea kidole wengine, tujiulize wenyewe. Sote tunajua hadithi ya daladala, kwamba nauli ya mabasi ya watu binafsi Dar es Salaam ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 mitaani iliitwa dala. Sote tunajua ya matatu, kwamba nauli katika Nairobi ilikuwa mapeni matatu, yaani senti 30. Ninaziamini zote mbili; sauti zinakubali, na matumizi yanakubali. Lakini yule mzee akiniuliza leo, nimwonyeshe gazeti gani, la tarehe ngapi? Makondakta walioyaita maneno hayo mlangoni mwa basi wengine wangali hai. Magazeti ya miaka hiyo yangali katika maktaba, ingawa karatasi zake zinazidi kuwa za manjano. Boston ya mwaka 1839 ilimsubiri Read kwa zaidi ya miaka 120, na kwa bahati magazeti yake yalikuwa yamehifadhiwa. Sisi tusiitegemee bahati.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wa jarida hili, walimu, wanafunzi na wazee: mkiona msimu wowote katika gazeti la zamani, katika barua au katika tangazo, unakilini pamoja na tarehe, jina la gazeti na sentensi nzima, mtuletee. Hadithi tutaipokea pia, kwa heshima zote. Ila nayo tutaiuliza swali lile lile: tiketi ameiona nani?